Mafuriko ya mito na makorongo Dodoma na kanda ya kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyuma ya nyumba yangu kuna kopo la kupimia mvua, limefungwa kwa waya kwenye kigingi. Kwa sababu ya kopo hilo majirani wameshaamua kwamba mimi ndiye wa kuulizwa habari za mvua, na kila msimu maswali ni yaleyale, kuanzia mama anayeuza mbogamboga hapo barabarani hadi kijana aliyenunua kiwanja juzi na usingizi umeanza kumpotea. Nimeyakusanya hapa. Mengine majibu yake ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe ni refu. Mengine ni maneno mawili matatu.

Dodoma ni nchi kame. Mafuriko yanatoka wapi?

Mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Dar es Salaam hupata karibu mara mbili ya hiyo. Lakini hesabu ya mwaka inadanganya. Mvua ya huku huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na ndani ya miezi hiyo sehemu kubwa huanguka katika siku chache. Siku moja inaweza kumwaga sehemu ya kumi ya mvua ya mwaka kabla watu hawajamaliza chakula cha mchana.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Baada ya miezi saba ya jua, udongo wa mteremkoni unakuwa umefanya ganda. Mwaga ndoo ya maji uani kwako mwezi wa Novemba uone: yanakimbia juu kwa juu kama yamemwagwa kwenye sakafu, yakibeba vumbi na majani makavu, na ukifukua kwa kidole pale yalipopita unakuta chini bado pakavu. Mvua kubwa ikipiga udongo ulio uchi, chembechembe zinaziba vitundu vya juu, na ndani ya dakika chache mteremko mzima umekuwa kama bati. Kule tambarare tuna mbuga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo nao ukishalowa unavimba na kujifunga, maji yanabaki yamesimama.

Kwa hiyo ukame na mafuriko huku ni ndugu. Mmoja anamtengenezea njia mwenzake.

Kwetu hakujanyesha hata tone, mbona korongo limejaa?

Mara ya kwanza kuliona jambo hili nilikuwa ukingoni mwa mto wa mchanga, njia ya kwenda Mpwapwa. Akina mama walikuwa mtoni wakichota kwenye visima vya mchangani, vile vishimo ambavyo unachimba, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kata taratibu yasichafuke. Jua linawaka. Mama mmoja mtu mzima akasimama, akatega sikio, akawaambia wenzake wabebe ndoo. Mimi sikusikia chochote.

"Mama, kuna nini?"

"Panda juu kwanza, mwanangu. Utauliza ukiwa juu."

Baada ya kitambo nikasikia: sauti kama ya lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Kisha kikatokea kichwa cha maji, na kusema kweli hakikuwa na sura ya maji. Lilikuwa povu la rangi ya chai ya maziwa, vijiti, kinyesi cha mbuzi na kandambili moja ya bluu, vyote vikisukumwa na kitu kilichokuwa nyuma. Mchanga mkavu ulikuwa unayanywa, kichwa kinanywea, kinasukumwa tena. Nyuma yake yakafuata maji ya kufika kiunoni. Vile visima vikafutika kama havikuwahi kuchimbwa, na juu ya vichwa vyetu hapakuwa na wingu hata moja.

Mvua za radi za kanda ya kati hunyesha kwa mafungu. Mtaa huu unalowa chapachapa, mtaa wa pili watu wanaanika nguo. Milima iliyo kilomita ishirini au thelathini kutoka hapo inaweza kuwa imemwagiwa saa mbili au tatu zilizopita, na maji yake ndiyo yanayokupitia wewe. Ukiona wingu zito limekaa upande korongo linakotoka, ichukulie mvua hiyo kuwa ni yako.

Ni miezi gani ya kuogopa zaidi?

Kuna vipindi viwili na kila kimoja kina ubaya wake. Desemba na Januari ardhi bado ni uchi, nyasi hazijaota, mashamba yamelimwa juzi. Maji yanakimbia haraka na kubeba udongo mwingi. Februari mara nyingi mvua hupumzika, wakulima wanaangalia juu kwa wasiwasi. Machi na Aprili mvua inarudi na kukuta ardhi imeshashiba, malambo yamejaa, mito mingine bado inatiririka. Hapo hata mvua ndogo ambayo Desemba ingemezwa na udongo inakwenda moja kwa moja mtoni. Miezi hiyo ndiyo ambayo kule Ulaya na Marekani wanaita majira ya machipuo, nao wana mafuriko yao yanayochangiwa na theluji inayoyeyuka. Sisi hatuna theluji, ila kanuni ya ardhi iliyoshiba ni ileile.

Maji yote haya yanaishia wapi?

Swali hili nalipenda, kwa sababu watu wengi wa Dodoma hawajui kwamba wanaishi juu ya paa lenye miteremko mitatu.

Makorongo mengi ya mjini na upande wa mashariki yanaingia katika mfumo wa Kinyasungwe, unaopita Gulwe na Godegode wilayani Mpwapwa. Huko mto unageuka kuwa Mkondoa, unapita Kilosa, unaungana na Wami na kumwaga maji katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Mvua iliyoloweka kitenge chako Dodoma inaweza kuishia baharini.

Mteremko wa pili ni wa mto Bubu, unaotoka pande za Kondoa na Chemba na kuishia Bahi. Narudia: unaishia. Bonde la Bahi halina mlango wa kutokea. Maji yanatandaa, yanakauka kwa jua na kuacha chumvi. Ndiyo maana mwaka wa mvua nyingi Bahi inakuwa ziwa, na mwaka wa ukame unapita kwa baiskeli palepale walipokuwa wanavua samaki.

Wa tatu ni wa kusini, ambako maji huingia mito ya Kizigo na Ruaha Mkuu, yakakusanyika bwawa la Mtera, yakaendelea bwawa la Kidatu na hatimaye mto Rufiji.

El Niño inahusikaje?

El Niño ni kuongezeka kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, mbali kabisa na sisi. Lakini joto hilo linavuruga mzunguko wa hewa wa dunia nzima, na mara nyingi Afrika Mashariki hupata mvua zaidi ya kawaida. Iliyobaki midomoni mwa watu ni ya 1997/98. Hadi leo mzee akitaja mwaka wa mvua hiyo hahitaji kutaja tarakimu, anasema tu "mwaka wa elinino".

Kuna ndugu yake wa karibu zaidi, ambaye hatajwi sana: tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi na wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Upande wetu ukipata joto kuliko kawaida yake na ule wa Indonesia ukapoa, mvua zetu huongezeka. Hilo lilitokea kwa nguvu mwishoni mwa 2019. Vyote viwili vikikutana, kaa macho. Vilikutana 1997, vikakutana tena 2023.

Msimu wa 2023/24 tuliuona wote. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang' na kuufunika mji mdogo wa Katesh, jirani zetu wa Manyara, watu zaidi ya 80 wakafa. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji. Tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge, hapahapa Dodoma, kwamba watu 155 walikuwa wameshapoteza maisha nchini kutokana na mvua hizo, na kaya zaidi ya 51,000 zilikuwa zimeathirika.

Na mabadiliko ya tabianchi?

Yapo. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvuke huo ukishuka, unashuka kwa kishindo. Ila nawaomba tusilifanye jibu hili kichaka cha kujifichia. Kalavati lililozibwa na mifuko ya taka haliwezi kusingizia tabianchi.

Ina maana sisi wenyewe tunachangia?

Tunachangia sana, na Kondoa ni shahidi. Miteremko ya Irangi ililiwa na mmomonyoko hadi makorongo yakawa na kina cha kumeza nyumba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji, hilo lisifichwe; mtu kuambiwa ahamishe ng'ombe wake ni sawa na kuambiwa ahamishe benki. Lakini nyasi zilirudi, miti ikarudi, na mito ya mchanga iliyokuwa inatanuka kila mwaka ikaanza kunywea. Ardhi ikivaa, maji yanatembea. Ikiwa uchi, yanakimbia.

Leo ukipanda kilima chochote karibu na mji utaona visiki vya mkaa, njia za mifugo zilizogeuka mifereji, na mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko. Ukilima kufuata mteremko, kila tuta ni mfereji uliouchimba mwenyewe. Makinga maji yanayokata mteremko ni kazi ya jembe na wiki mbili za kiangazi.

Jambo lingine ni mchanga. Mji unajengwa, malori yanachota mchanga makorongoni usiku na mchana. Mahali palipochimbwa sana kitanda cha korongo kinashuka, kingo zinakosa pa kuegemea na kuporomoka, nguzo za daraja zinabaki zimening'inia. Kule chini kwenye tambarare mambo ni kinyume: udongo ulioporwa milimani unatua, unainua kitanda cha mto mwaka hadi mwaka, mpaka nafasi iliyoachwa chini ya daraja inabaki ya kupita mbuzi.

Zamani mtaa wetu haukuwa unajaa maji. Kumetokea nini?

Mji umekua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban 411,000 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati hapo serikali ilihamia rasmi na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji Aprili 2018.

Sasa fanya hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000, yaani simtanki moja kubwa imejaa. Zamani mahali hapo palikuwa na kichaka cha migunga na mchwa waliotoboa udongo, maji yanazama polepole. Sasa kuna bati, pevingi na lami, na lita zote 5,000 zinatoka getini ndani ya saa moja kumfuata jirani wa chini. Chukua kilomita za mraba 10 za namna hiyo na useme nusu tu ya mvua ndiyo imekimbia: ni lita milioni 250. Maboza ya lita 10,000 yangehitajika 25,000 kuyabeba.

Ndiyo maana mtaro uliotosha wakati mtaa una nyumba kumi hautoshi leo. Na mtu wa chini anamlaumu Mungu wakati wa juu ndiye aliyeelekeza bomba la mvua kwake.

Reli inahusikaje? Kila mwaka tunasikia imesombwa.

Wajerumani walijenga Reli ya Kati kuanzia 1905 hadi 1914, wakapita njia rahisi ya kupanda bara, ambayo ni bonde la mto lenyewe. Kutoka Kilosa hadi Gulwe treni inapanda ikiwa ubavuni mwa Mkondoa na Kinyasungwe. Njia rahisi kwa mhandisi ni rahisi kwa maji pia. Mto ukihama hatua chache, tuta la reli linaliwa, reli inabaki inaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi.

Mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 yalivunja kingo za Mkondoa mjini Kilosa, maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema, na safari za treni zikakatika kwa miezi. Kumbuka maji yale sehemu yake yalitoka huku kwetu. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, imewekwa juu zaidi na ina mahandaki karibu na Kilosa.

Bwawa linazuia mafuriko au linayaongeza?

Inategemea bwawa na inategemea limejaa kiasi gani. Mtera ni kubwa mno na linaweza kumeza wimbi zima la Ruaha Mkuu likiwa halijajaa. Likijaa, maji yanayoingia yanalazimika kutoka. Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950, limepoteza sehemu kubwa ya kina chake kwa tope. Na lambo dogo la udongo ambalo njia yake ya kutolea maji imeziba ni hatari kuliko kutokuwa na lambo, kwa sababu maji yakipita juu ya tuta yanalikata kama kisu kwenye sabuni, na yaliyokusanywa kwa mwezi yanateremka kwa dakika. Bwawa la Kidete, wilayani Kilosa, lilibomoka, watu wa bondeni wanalijua. Kama kijiji chenu kina lambo, mkague njia ya maji Oktoba, na mashimo ya panya tutani yazibwe.

Nyumba gani zinaanguka kwanza?

Za tofali mbichi zisizo na msingi wa mawe. Maji hayahitaji kuzisukuma. Yakisimama sentimita chache kwenye kuta kwa saa kadhaa, tofali za chini zinarudi kuwa udongo na ukuta unakaa chini kama mtu aliyechoka. Nyumba nyingi huanguka baada ya mvua kukatika, watu wakiwa wamesharudi ndani kulala. Ukiona ufa mpya wa mlalo karibu na sakafu, au mlango ulianza kukwama ghafla, toa watoto.

Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, lina shida yake. Paa lake la udongo limebuniwa kwa nchi ya mvua chache na kwa hilo halina mpinzani: ndani baridi, nje moto. Mvua ya mfululizo siku tatu inaloweka paa, uzito unaongezeka, na boriti iliyoliwa na mchwa haitoi taarifa.

Mafuriko yanafanya nini kwa mazao na mifugo?

Mtama na uwele vinavumilia ukame. Kusimama majini siku nyingi haviwezi. Alizeti inaoza mizizi. Zabibu ndiyo inayonisikitisha, kwa sababu mkulima ameweka nguzo, waya na dawa, halafu mvua inakuja tunda likiwa limeiva: ganda linapasuka, ukungu unaingia, kichala kinageuka uji. Ng'ombe na mbuzi husombwa zaidi wakivushwa korongoni jioni, saa ileile ambayo maji ya mvua ya mchana yanafika.

Upande mwingine, wakulima wa mpunga wa Bahi wanayasubiri maji ya Bubu kama mshahara. Mto usipofurika, hakuna mpunga.

Magonjwa gani huja baada ya maji?

Kipindupindu na homa ya matumbo, kwa sababu vyoo vya shimo vinafurika na kuingia kwenye visima. Malaria wiki chache baadaye.

Halafu kuna homa ya Bonde la Ufa, ambayo watu wa mifugo wasiisahau. Mbu fulani hutaga mayai kwenye udongo wa mbuga, na mayai hayo yanaweza kukaa udongoni miaka mingi yakisubiri mbuga ijae. Mengine yanakuwa tayari yana virusi. Mafuriko yakiyaamsha, kondoo, mbuzi na ng'ombe wanaanza kutupa mimba kwa wingi, kisha watu wanaugua. Mlipuko wa 2007, uliofuata mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, uliupiga mkoa wa Dodoma vibaya kuliko mikoa mingi. Ukiona mifugo inatupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, mwite ofisa mifugo, usiguse mimba hiyo kwa mikono mitupu, na kwa kipindi hicho achana na maziwa mabichi na nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote.

Je, kuna faida yoyote?

Ipo moja kubwa ambayo unaioga kila asubuhi. Sehemu kubwa ya maji ya Jiji la Dodoma kwa miaka mingi imetoka kwenye visima virefu vya Makutupora. Wanasayansi walifuatilia kina cha maji ya ardhini pale kuanzia 1955 hadi 2010 na kuona jambo la ajabu: miaka mingi ya kawaida maji yanashuka tu taratibu, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kali, mara nyingi wa El Niño, yanapanda ghafla. Kupanda kukubwa kuliko kote kulikuwa kwa 1997/98. Maana yake yale mafuriko yaliyowafanya watu walale shuleni ndiyo yaliyojaza visima tulivyovinywea miaka iliyofuata. Vijito vya Kinyasungwe Ndogo vinapopita juu ya mchanga wa Makutupora vinazama na kuingia benki. Kwa hiyo anayetaka makorongo yote yajengewe zege ili maji yaondoke haraka afikirie atakunywa nini.

Maji yamepita juu ya barabara. Naweza kuvuka?

Hapana.

Nafafanua kwa kuwa najua utabisha. Maji yanayokwenda kasi ya kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaanza kuelesha gari dogo, na sentimita 60 zinachukua karibu gari lolote, Land Cruiser ya ofisi ikiwemo. Kwenye drifti, zile sakafu za zege zinazokatiza mto, huwezi kuona kama zege bado lipo. Maji hayo ya rangi ya kahawia yanaweza kuwa yameshakula kipande cha upande wa chini. Bodaboda anayesema "mzee, mimi napita hapa kila siku" anasema kweli, ila hiyo kila siku hapakuwa na maji. Maji ya makorongo yetu mengi hushuka ndani ya saa chache. Kaa, kunywa chai, subiri.

Nataka kununua kiwanja. Nitajuaje kama ni njia ya maji?

Dalali atakuonyesha Agosti, wakati korongo limelala na watoto wanachezea mpira ndani yake. Angalia mambo haya: mchanga safi uliochambuka kama umepepetwa, mifuko ya plastiki na nyasi kavu vilivyonasa kwenye matawi ya migunga (hapo vilipo ndipo maji yalipofika), mizizi iliyo wazi upande mmoja wa mti, mawe ya mviringo. Kisha nenda kwa mzee wa mtaa, siyo kwa jirani aliyehamia mwaka jana, umuulize mwaka wa elinino maji yalifika wapi. Rudi tena Januari siku ya mvua, uvae mabuti.

Kisheria, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bwawa. Watu wengi wananiambia "lakini hili ni korongo, mto uko wapi?" Kwa kanda ya kati mto ni huohuo. Ofisi ya mipango miji ikuonyeshe ramani kabla hela haijatoka mfukoni. Mimi niliwahi kulipia kiwanja kwa kuamini karatasi yenye mihuri mitatu. Leo kina mchanga mzuri sana wa kujengea na hakuna kingine.

"Angalizo" na "tahadhari" vina tofauti gani?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapanga taarifa zake kwa ngazi. Angalizo ni ngazi ya chini: kaa ukifuatilia. Tahadhari ni ya juu yake: jiandae. Ikisemwa tahadhari kubwa, usisubiri kuona kwa macho. Wakitaja mvua kubwa wana maana ya zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Utabiri unataja mikoa, hauwezi kutaja korongo lako, na kwa hiyo watu wanasema TMA wamekosea kwa kuwa kwao hakukunyesha. Kule Kongwa kulinyesha.

Maji yameanza kuingia ndani. Nifanye nini kwanza?

Watu kwanza, kisha vitu vingine vyote. Zima umeme kwenye swichi kubwa kama unaweza kuifikia ukiwa pakavu. Kama umesimama ndani ya maji, iache. Nyaraka, dawa za mgonjwa na simu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Wazee na watoto wapelekwe upande wa juu kungali na mwanga. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe, kwa sababu tathmini ya maafa huanzia kwake na kwa mtendaji. Jina lako lisipoandikwa siku zile za mwanzo utazunguka ofisi hadi viatu viishe. Piga picha kabla hujaanza kusafisha.

Gari langu limezama. Bima italipa?

Kama una ile bima ndogo ya kulipa hasara ya mtu mwingine, hapana. Bima kubwa, soma mkataba kama mafuriko yametajwa. Na usijaribu kuliwasha. Maji yakiwa ndani ya injini, ufunguo ndio unaoiua.

Hilo kopo lako la mvua nalipataje?

Chukua kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako upana sawa. Liweke wazi mbali na paa na miti, juu ya kigingi mbwa wasilifikie. Kila siku saa 3 asubuhi tumbukiza rula, soma milimita, andika kwenye daftari, mwaga. Tia tone la mafuta ya kupikia ndani ili jua lisiyanywe maji kabla hujayapima. Mwaka wa kwanza utaona ni mchezo. La kwangu limepata kutu pembeni na mwezi uliopita kuku alilitagia yai, siku hiyo sikuandika kitu.